Jinsi ya Kuchagua Kozi ya Fasihi Chuoni Ukiwa wa Taaluma Nyingine

Mwanafunzi wa uhandisi, uuguzi, uhasibu au kompyuta akifungua orodha ya kozi za idara ya fasihi, mara nyingi huchagua ile yenye jina la kuvutia, au ile inayoangukia saa ambayo hana kipindi kingine. Anaweza kuangukia darasa zuri, lakini itakuwa bahati. Jina la kozi linakuambia kitasomwa nini. Halikuambii kitasomwaje, kwa kasi gani, wala utaandika nini baada ya kusoma, na hayo ndiyo yatakayoamua muhula wako utakuwaje. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye nafasi ya kozi moja au mbili tu za fasihi katika shahada yake nzima, naye hataki nafasi hiyo ipotee.

Anza na sababu yako

Andika sentensi moja inayoeleza kwa nini unaitaka kozi hii. Wengi huiruka hatua hii, kisha hujikuta katika kozi nzuri isiyowafaa.

Ikiwa unatimiza sharti la chuo, soma kanuni za shahada yako mwenyewe. Usitegemee alichoambiwa mwenzako wa kitivo kingine. Si kila kozi inayofundishwa na idara ya fasihi huhesabiwa: kozi za uandishi wa kubuni, kwa mfano, hukubaliwa na vyuo vingine na kukataliwa na vingine. Mwandikie mshauri wako wa masomo, umtajie namba ya kozi, na ulitunze jibu lake. Neno la mdomo halitakusaidia mwaka wa mwisho, ofisi ya usajili itakapokagua matokeo yako. Uliza pia kama kozi hiyo inaweza kutimiza masharti mawili kwa mpigo. Kozi ya fasihi iliyotafsiriwa, mathalani, pengine huhesabiwa kama fasihi na pia kama somo la utamaduni mwingine.

Ikiwa lengo lako ni kuandika vizuri zaidi, tafuta kozi yenye insha fupi kadhaa zinazorudishwa na maoni. Mtu hujifunza kuandika kwa kuandika, kusahihishwa, na kuandika upya. Kozi yenye mtihani mmoja mkubwa mwishoni inaweza kuwa na vitabu vizuri mno na isikufundishe lolote kuhusu sentensi zako.

Na ikiwa sababu ni mapenzi tu, kwamba ulikuwa mpenzi wa hadithi kabla ya hesabu na maabara kukumeza, usione haya kufuata unachokipenda. Riwaya za upelelezi na hadithi za kisayansi zina fani ya kuchambuliwa, zina historia, zina mijadala ya kitaaluma. Msomaji mwenye hamu yuko tayari kusoma mara ya pili, na usomaji wa pili ndio unaofundisha.

Zijue aina za kozi

Hapa ndipo wageni wengi hupotea, kwa sababu idara huandika orodha yake ikiwafikiria wanafunzi wake yenyewe.

Kozi za mapitio hupita karne kadhaa ndani ya muhula mmoja. Zina majina ya kuaminika, kama vile utangulizi wa fasihi ya nchi fulani, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kwa hiyo mgeni hudhani ndizo mlango wake. Kwa maoni yangu, kwa mtu mwenye nafasi moja tu, mara nyingi sizo. Anayesomea fasihi anahitaji picha ya jumla kwa sababu atarudi kwenye kila kipindi baadaye. Wewe hutarudi. Utakutana na mwandishi Jumanne, umwache Alhamisi, na mwishoni uulizwe miaka na makundi ya waandishi. Ukitaka kukumbuka kitu miaka kumi baadaye, soma vitabu vichache polepole.

Kozi za utanzu, yaani za ushairi, tamthilia, hadithi fupi au riwaya, ndizo ninazozipendekeza kwanza. Unatoka na stadi inayobebeka: ukijua namna hadithi fupi inavyoficha na kufichua habari, utaiona hata katika hadithi ambayo haikufundishwa darasani. Kwa mwenye ratiba iliyobana, hadithi fupi ina faida nyingine kubwa. Unaweza kuisoma kwa mkao mmoja na kuirudia asubuhi ya kipindi. Riwaya haikupi nafasi hiyo.

Ushairi huogopwa bila sababu ya kutosha. Wanafunzi wa hisabati na sayansi mara nyingi huuelewa vizuri kwa sababu wamezoea kuangalia umbo na kanuni. Shairi la tarbia lina mishororo minne kwa kila ubeti, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 16, nane kabla ya pumziko la katikati na nane baada yake. Soneti ina mistari 14. Ukishaijua kanuni, swali linalofuata ni kwa nini mshairi ameivunja mahali fulani, na hapo uchambuzi umeanza. Ila usidanganywe na ufupi. Mistari 14 inaweza kujaza kipindi kizima, na utatarajiwa uwe umeisoma mara nyingi kabla ya kuingia darasani.

Tamthilia husomeka haraka, lakini imeandikwa ili isikike. Uliza kama darasa husoma kwa sauti, huigiza vipande au hutazama maonyesho yaliyorekodiwa. Kozi inayoichukulia tamthilia kama riwaya yenye mazungumzo mengi huacha nje nusu ya kazi yenyewe.

Kozi ya mwandishi mmoja husikika kama ya wataalamu, kumbe yaweza kumfaa sana mgeni. Wiki za kwanza ni ngumu, kisha unaizoea sauti yake, miundo yake ya sentensi na mambo yanayomshughulisha, na kila kitabu kinakuwa chepesi kuliko kilichotangulia. Hata Shakespeare, ambaye Kiingereza chake kina zaidi ya miaka 400, huanza kusikika kwa urahisi kufikia tamthilia ya pili au ya tatu, ikiwa mhadhiri anajua kuwa darasani kuna wageni.

Kozi za mada huunganisha fasihi na jambo jingine: tiba, sheria, mazingira, uhamiaji, vita. Hizi zinaweza kugusa taaluma yako moja kwa moja, na si mapambo. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, hutoa shahada ya uzamili katika tiba simulizi, ambayo huwafunza madaktari, wauguzi na wengine kusoma hadithi kwa makini ili waweze kusikiliza vizuri masimulizi ya wagonjwa. Tahadhari moja tu: baadhi ya kozi za mada hugeuka mijadala ya mada yenyewe, na vitabu vikawa visingizio vya kuianzisha. Mwanafunzi wa tiba anaweza kukaa muhula mzima akijadili maadili ya tiba ambayo ameshayasoma kitivoni kwake. Angalia maswali ya insha. Yakiuliza namna msimulizi anavyojenga habari, uko kwenye kozi ya fasihi. Yakiuliza tu kama daktari katika hadithi alitenda haki, fikiria tena.

Fasihi simulizi ni chaguo zuri kwa anayependa kutoka nje ya maktaba. Kozi hizi zinaweza kukutaka urekodi masimulizi, uyaandike na kuyachambua. Uliza kabla ya kujisajili kama kuna kazi ya uwandani, kwa kuwa kuandika neno kwa neno rekodi ya saa moja hula saa nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kozi za nadharia ya fasihi ziweke kando kwa mara ya kwanza, isipokuwa unasomea falsafa au sosholojia na umezoea matini za namna hiyo. Kozi za kipindi maalumu cha wakati, kama vile karne moja, nazo mara nyingi huchukulia kwamba historia yake unaijua.

Uandishi wa kubuni unastahili neno la ziada kwa sababu huchukuliwa kama kozi ya mapumziko. Usione vyaelea, vimeundwa. Ukijaribu kuandika ukurasa mmoja wa mazungumzo yenye uhai utaanza kuwasoma waandishi kwa heshima mpya, na kwa sababu hiyo naipenda sana kozi hii kwa watu wa taaluma nyingine. Lakini kila wiki utasoma kazi za wenzako na kuzitolea maoni, na kazi yako itajadiliwa mbele yako. Jiulize kama uko tayari kwa hilo.

Pata silabasi, kisha piga hesabu

Hatua hii ina uzito kuliko zote. Omba silabasi ya muhula uliopita ikiwa ya muhula ujao haijatoka. Idara nyingi huitoa ukiomba kwa adabu, na mara nyingi iko kwenye tovuti yao. Ukiipata, tafuta mambo matatu: kiasi cha kusoma kwa wiki, kazi za kuandika, na mgawanyo wa alama.

Chukua mfano wa riwaya ya kurasa 300 yenye maneno kama 300 kwa ukurasa. Hayo ni maneno 90,000. Mtu anayesoma maneno 250 kwa dakika, katika lugha anayoimudu vizuri, atatumia dakika 360, yaani saa sita. Hiyo ni kasi ya kusoma kwa burudani. Ukisoma na kalamu mkononi, ukirudi nyuma, ukiweka alama, ongeza hadi mara mbili. Sasa umefika saa 12. Silabasi ikikupa wiki mbili kwa riwaya hiyo, unahitaji saa sita kila wiki kabla hujaandika hata mstari wa insha. Ikikupa wiki moja, jua umeingia kwenye kozi ya watu wanaosoma fasihi peke yake.

Linganisha hesabu hiyo na kile chuo chenyewe kinachotarajia. Nchini Marekani krediti moja kwa kawaida huchukuliwa kuwa saa moja ya darasa na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa hiyo kozi ya krediti tatu inakudai saa sita za kujisomea. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote. Kozi ya krediti tano ni saa 125 hadi 150, na muhula ukiwa na wiki 14, utatumia takriban saa tisa hadi 11 kwa wiki, vipindi vikiwemo. Hesabu yako ikizidi sana viwango hivyo, mweleze mhadhiri na umuulize wanafunzi wake hufanyaje. Wakati mwingine jibu ni kwamba husomwa sura teule tu, na silabasi haikulisema hilo wazi.

Jiulize pia unasoma kwa lugha gani. Kama kozi inafundishwa kwa lugha yako ya pili au ya tatu, pima kasi yako halisi: weka saa, soma kurasa kumi za mojawapo ya vitabu vilivyoorodheshwa, kisha tumia kasi hiyo kwenye hesabu yako badala ya 250.

Katika upande wa kuandika, napendelea kozi yenye insha tatu au nne za kurasa mbili hadi nne kuliko yenye tasnifu moja ya kurasa 15. Insha ndefu ya uhakiki ina desturi zake za kunukuu, kurejelea wahakiki na kujenga hoja, na mwanafunzi wa fasihi huzijenga kwa miaka. Wewe ungejifunza yote hayo kwenye kazi moja yenye asilimia 50 ya alama. Kozi nzuri kwa mgeni huanza na kazi ndogo isiyo na uzito mkubwa, kwa mfano kuchambua aya moja kwa maneno 500, ili uone mapema kinachotakiwa.

Usiupuuze mstari wa ushiriki darasani. Ukiwa na asilimia 20, na wewe si mwepesi wa kusema mbele za watu, muulize mhadhiri kama kuna njia nyingine ya kushiriki, kama vile maswali yanayotumwa kabla ya kipindi.

Ngazi na masharti ya awali

Vyuo vingi huonyesha ngazi kwa namba. Marekani, tarakimu ya kwanza ikiwa 1 kozi ni ya wanaoanza, na 3 au 4 ni ya waliobobea. Mahali pengine ngazi hufuata mwaka wa masomo. Usidhani ngazi ya chini ndiyo rahisi, kwa sababu kozi za mwanzo ndizo mara nyingi zenye madarasa makubwa na mwendo wa haraka. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu anayejua kusoma na kuandika kwa utulivu, kozi ya ngazi ya kati yenye vitabu vitano au sita huwa bora zaidi.

Sharti la awali halimaanishi kila mara kwamba mlango umefungwa. Mara nyingi mhadhiri anaweza kuliondoa. Mwandikie mapema, kabla usajili haujafunguliwa, na ueleze kwa ufupi:

"Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa famasia. Ningependa kujiunga na kozi ya hadithi fupi unayoifundisha muhula ujao, lakini sijasoma kozi ya utangulizi inayotakiwa. Nimepitia silabasi ya mwaka jana na ninaamini nitaumudu usomaji. Naomba kujua kama inawezekana kuruhusiwa, na kama kuna kitu cha kusoma kabla ya muhula kuanza."

Jibu utakalopata litakufundisha pia habari za mhadhiri. Anayekutajia hadithi mbili za kuanzia ni mtu wa kumfuata.

Nyuma ya haya yote kuna hofu ambayo wengi hawaisemi: kwamba wanafunzi wa fasihi watawaacha mbali. Katika miaka ya 1920, I. A. Richards, mhadhiri wa Cambridge, aliwapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na majina ya watunzi na kuwataka waandike maoni yao. Wengi wao walikuwa wakisomea fasihi ya Kiingereza. Walikosea kuelewa hata maana ya kawaida ya mistari, wakasifu mashairi dhaifu na kuyadharau yaliyo bora. Richards alichapisha matokeo hayo mwaka 1929, na yalichangia kuufanya usomaji makini, wa neno kwa neno, uwe msingi wa ufundishaji wa fasihi. Usomaji huo hauhitaji umesoma vitabu mia moja kabla. Unahitaji uangalie kilichoandikwa, na hiyo ni kazi ambayo mtu aliyezoea kusoma data au mikataba anaijua.

Mhadhiri na ukubwa wa darasa

Kama inabidi uchague kati ya vitabu unavyovipenda na mhadhiri anayesifika, mchague mhadhiri. Lakini chunguza sifa hizo zinatoka kwa nani. Swali zuri la kumuuliza aliyesoma kozi hiyo ni hili: insha zenu zilirudi baada ya muda gani, na ziliandikwa nini pembeni? Ukiambiwa zilirudi mwisho wa muhula zikiwa na alama tu, kozi hiyo haitakujenga, hata kama mihadhara ilikuwa mitamu.

Semina ya watu 15 ni bora kuliko ukumbi wa watu 200, mradi uwe tayari kuingia ukiwa umesoma. Katika ukumbi mkubwa, angalia kama kuna vikundi vidogo vya mjadala kila wiki na nani anaviongoza, maana huyo ndiye pengine atakayesahihisha kazi zako.

Ratiba yako na alama zako

Linganisha tarehe za insha na tarehe za mitihani na ripoti za maabara za kitivo chako. Muhula wenye mafunzo kwa vitendo au mradi wa mwisho haufai kwa riwaya ndefu. Ushairi au hadithi fupi vinaweza kuingia.

Vyuo vingine huruhusu kozi ya nje ya taaluma ichukuliwe kwa kufaulu au kutofaulu tu, bila daraja kuingia kwenye wastani. Ni njia nzuri ya kujipa uhuru wa kujaribu. Hakikisha kwanza kwamba kozi ikichukuliwa hivyo bado inatimiza sharti unalolihitaji, na kwamba mfadhili wako, kama unaye, anaikubali.

Wiki za mwanzo

Muda wa kuongeza na kuacha kozi upo ili utumike. Ikiwezekana, hudhuria kozi mbili wiki ya kwanza, kisha ubaki na moja. Siku ya kwanza huwa ya matangazo, hivyo uamuzi utokane na kipindi cha pili au cha tatu, pale kitabu kinapofunguliwa. Angalia kama mhadhiri anarudi kwenye maneno ya ukurasa, au anazungumza juu ya kitabu kwa mbali. Angalia kama mwanafunzi anayekosea hupewa nafasi ya kusoma tena mstari ule.

Nunua au azima toleo lile lile lililotajwa kwenye silabasi, hasa kwa vitabu vilivyotafsiriwa. Tafsiri mbili za riwaya moja hutofautiana kwa maneno yenyewe mnayoyachambua, na kurasa hazitalingana darasa likisema fungueni ukurasa wa 112.

Darasa likijaa, jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri, uendelee kuhudhuria na kusoma, na umjulishe mhadhiri kuwa upo. Wengi huacha kozi katika siku hizo za mwanzo, na nafasi hupatikana. Na kama unaona unalemewa, andika kazi ndogo ya kwanza kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha, kisha uipeleke katika saa za mhadhiri za kuonana na wanafunzi. Muulize waziwazi kama kwa kiwango hicho utaweza kumaliza muhula, na ni wapi hasa unapaswa kuongeza bidii. Dakika 15 za mazungumzo hayo zitakupa jibu la kubaki au kuondoka.